Njia Moja au Mbili? Mjadala juu ya Hifadhi na Mtandao

Atokaye Bukavu kwa barabara ya kaskazini, Ziwa Kivu likiwa mkono wake wa kuume, akakipita kiwanja cha ndege cha Kavumu, hufika Katana katika eneo la Kabare, mahali ambapo kwa miaka mingi tiba na elimu zimekaa ujirani: hospitali ijulikanayo na watu wote kwa jina la Fomulac, iliyotokana na wakfu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Louvain, na karibu yake Lwiro, makao ya watafiti wa sayansi za maumbile, ambayo asili yake ni taasisi ya IRSAC iliyoasisiwa mwaka 1947. Palipo na hospitali na watafiti hapakosi kumbukumbu: majalada ya wagonjwa, picha za eksirei, orodha za mimea na samaki, na mistari ya mashine zipimazo matetemeko ya ardhi, ambayo Lwiro imeyafuatilia tangu zama za IRSAC. Wenyeji wanaokumbuka asubuhi ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika kuanzia Bukavu hata Cyangugu, hawahitaji kuelezwa kwa nini mistari hiyo isipotee.

Katana haijajengewa kituo kikubwa cha data kama vilivyojengwa Nairobi au Kinshasa. Hata hivyo suala linalowashughulisha wenye vituo vikubwa ndilo hilo hilo litakalomkabili yeyote atakayeweka seva chache katika chumba kimoja huku kwetu, nalo ni hili. Katika chumba cha seva hupita mizigo ya namna mbili. Wa kwanza ni mawasiliano ya kawaida, yaani maombi na majibu baina ya watu na programu zao. Wa pili ni mzigo wa hifadhi, pale seva inaposoma au kuandika katika diski zisizokuwa ndani yake, bali zimewekwa katika kabati nyingine na kuunganishwa nayo kwa nyaya. Je, mizigo hii miwili ipitishwe katika mtandao mmoja, au kila mmoja upewe njia yake?

Ili hoja zisikike kwa ukamilifu, nimewapa kauli watu wanne. Wao ni wa kubuni, lakini wayasemayo ndiyo yanayobishaniwa na wenye kazi hii kila siku. Yuko Mtunza Hazina, mzee aliyeimaliza nguvu yake katika kulinda diski za watu wengine, yuko Fundi, binti aliyesomea mitandao, yuko Daktari, na yuko Mhasibu, mama ashikaye daftari la fedha. Tuseme wamekutana kushauriana juu ya chumba cha seva sita, kitakachohudumia hospitali na watafiti kwa pamoja.

MTUNZA HAZINA: Naanza na tofauti ya tabia, kwa sababu wasioijua hudhani kwamba data ni data, ipite popote ipitapo. Mtu anayefungua ukurasa wa intaneti, pakiti moja ikipotea njiani, itifaki ya TCP huituma tena, naye haoni ila kuchelewa kwa kitambo kidogo. Lakini seva inayoandika katika diski iliyo mbali huwa imeaminishwa kwamba ile ni diski yake mwenyewe, iliyo ndani ya kifua chake, na ikikosa jibu haina pa kukimbilia. Linux, kwa desturi yake, huingojea kila amri ya diski kwa sekunde 30. Jibu lisipopatikana hata baada ya kujaribu tena, huhesabu kuwa pana hitilafu, na aghalabu mfumo wa mafaili hujifunga usiandikike ili kuilinda amana iliyomo. Hapo hifadhidata ya wagonjwa imesimama. Ndiyo maana waliobuni Faiba Chaneli, mtandao wa pekee wa kubebea hifadhi, uliopata kuwa kanuni rasmi huko Marekani mwaka 1994, walisharutisha kwamba mtumaji asitume kitu mpaka mpokeaji ampe ruhusa, na kila ruhusa ni ahadi ya nafasi iliyo tupu. Kwa hiyo pakiti haitupwi kwa sababu ya msongamano. Etheneti, mtandao wa kawaida wa maofisi, haikuzaliwa hivyo. Robert Metcalfe na David Boggs walipoijenga katika maabara ya Xerox miaka ya 1970, waliridhia kwamba pakiti zitagongana na nyingine zitapotea, wakaziachia programu za juu kazi ya kuzirudisha. Kuiweka amana ya hospitali juu ya mtandao ambao asili yake ni kuridhia upotevu ni jambo nisilolikubali ila kwa hoja iliyo nzito sana.

FUNDI: Mzee wangu, kwa heshima zako, uliyoyasema juu ya asili ya Etheneti ni kweli, ila kitu hakihukumiwi kwa utoto wake. Kugongana kwa pakiti kulikwisha zamani, pale kila seva ilipopata uzi wake mwenyewe mpaka kwenye swichi. Mwaka 2002 ilipatikana kanuni ya gigabiti 10 kwa sekunde, mwaka 2010 ya 40 na ya 100, na mwaka 2017 ya 400. Tangu Aprili 2004 imekuwapo kanuni ya iSCSI, inayozibeba amri za diski juu ya TCP ya kawaida kabisa, hata seva haihitaji kadi ya pekee. Tazama sasa gharama ya kutenganisha kwa jinsi ufundi wako unavyotaka: kila seva nyuzi mbili za mtandao na mbili za hifadhi, ili moja ikikatika nyingine ibaki, maana yake ni nyuzi 24 na swichi nne kwa seva sita. Tukiunganisha, ni nyuzi 12 na swichi mbili. Tena kifaa cha Etheneti nikikikosa Bukavu nitakipata Kampala au Nairobi, kwa kuwa kila ofisi hukitumia. Cha Faiba Chaneli sharti kiagizwe mbali. Vita vilipofika Kavumu na Bukavu mwezi wa Februari 2025, safari za ndege zilikatika. Aliyekuwa na kifaa kilichoharibika siku ile, je, angekiagiza kwa njia gani?

MTUNZA HAZINA: Hilo la vipuri nalikubali. Lakini binti yangu, wazo la kuunganisha si geni, na wakubwa walikwisha kulijaribu kwa mali nyingi. Mwaka 2009 ilikamilishwa kanuni ya kuipakia Faiba Chaneli juu ya Etheneti, ile iitwayo FCoE, na wauzaji wakatangaza kwamba zama za mitandao miwili zimekwisha. Sasa sikiliza yaliyofuata. Fremu ya Faiba Chaneli hufikia baiti 2,148, ilhali Etheneti ya desturi hubeba 1,500 tu, basi ikalazimu kila swichi ipanuliwe fremu zake. Na kwa kuwa Faiba Chaneli haistahimili upotevu, ikalazimu Etheneti ifundishwe kutopoteza: kanuni ya 802.1Qbb, iliyotoka mwaka 2011, iliugawa mzigo katika madaraja manane, na kuiruhusu swichi iliyojaa imwambie jirani yake, "Simamisha daraja hili, mengine yaendelee." Katika karatasi jambo hili ni zuri. Katika chumba, swichi iliyosimamishwa hujaa nayo, ikamsimamisha jirani yake, na huyo jirani akamsimamisha wa tatu, hata seva ambazo hazikuhusika kabisa na msongamano zikajikuta zimezuiwa. Wahandisi wa Microsoft, katika makala yao ya mwaka 2016 juu ya mtandao usiopoteza pakiti, walieleza bayana kwamba kadi moja mbovu, ikitoa amri ya kusimama bila kukoma, yaweza kuukwamisha mtandao mpana. FCoE ikaishia aghalabu kati ya seva na swichi yake ya kwanza. Kutoka hapo kwenda kwenye diski, wengi walirudi katika Faiba Chaneli ile ile ya zamani. Je, waliyoyashindwa wenye mali na mafundi mamia, sisi tutayaweza hapa Katana kwa fundi mmoja?

FUNDI: Hatutayaweza, Mzee, wala simshauri mtu ayajaribu hapa. Kosa lao, kwa fikra zangu, ni kuitaka Etheneti iwe kitu kingine. Mimi natoka upande wa pili: iachwe ilivyo, ipoteze pakiti pale inapopoteza, na TCP izirudishe, maadamu TCP iko kazini tangu Vint Cerf na Bob Kahn walipouandika msingi wake mwaka 1974, nayo imestahimili njia mbovu kuliko yoyote tutakayoijenga ndani ya chumba kimoja. Hata wenye diski za kisasa zisizozunguka, zijibuzo katika sehemu ndogo mno ya sekunde, wameirudia njia hiyo: kanuni ya NVMe juu ya TCP ilipitishwa mwaka 2018, miaka miwili baada ya kanuni ya kwanza ya kuipitisha NVMe katika mitandao. Amri ya kusimamisha jirani naizima katika kila swichi, na hatari uliyoisimulia huondoka pamoja nayo.

MTUNZA HAZINA: Huondoka hiyo, huja nyingine. Seva moja ikiomba data yake kwa hifadhi sita kwa mara moja, nazo zikajibu kwa sauti moja, majibu yote hukimbilia mlango mmoja wa swichi, nafasi ya kungojea hujaa, na pakiti hutupwa. TCP ya desturi huweza kungoja hata milisekunde 200 kabla ya kutuma tena ile iliyopotea mwishoni, ilhali safari yenyewe ndani ya chumba haifiki hata milisekunde moja. Uzi uliokuwa ukibeba gigabiti 10 huonekana kama umelala usingizi. Kisha kuna siku ya msiba. Mfumo wa hifadhi kama Ceph, ule uliobuniwa na Sage Weil na kuelezwa mwaka 2006, huweka kwa desturi nakala tatu za kila kitu katika seva mbalimbali. Seva moja ikifa, zilizobaki, baada ya kungoja kitambo kidogo, huanza kuzitengeneza upya nakala zilizopotea. Ikiwa seva ile ilikuwa na terabaiti 4, na nakala hizo zapita katika uzi wa gigabiti 1, ni karibu saa 9 za mzigo usiopumua. Ndani ya saa hizo 9, Daktari atafungua jalada la mgonjwa kwa kupitia uzi gani?

Hapa Daktari, aliyekuwa akisikiliza kwa adabu, aliingia kati, na maneno yake yaliugeuza mjadala kuelekea mahali ambapo mafundi wenyewe hawakuupeleka.

DAKTARI: Wapendwa, nimefahamu kiasi. Lakini mimi sina haja ya kujua kama pakiti imepotea au haikupotea. Nina haja ya kujua kitu kimoja. Saa nane za usiku, mama mjamzito yuko mezani, nataka kuona picha yake ya jana, na katika chumba chenu kitu kimoja kimekufa. Kitu kimoja tu, chochote kile. Je, nitaiona picha au sitaiona?

MHASIBU: Nami nizidishe, Daktari. Mzee anataka swichi nne, binti anataka mbili. Swichi moja ikila wati 150 mchana na usiku, ni takriban kilowati-saa 1,300 kwa mwaka, na umeme ukikatika ni betri na mafuta ya jenereta. Fedha niliyo nayo ni ya swichi mbili zilizo nzuri. Zaidi ya hapo siwezi, nisije nikaahidi nikakhini. Basi niambieni, kwa swichi mbili, mtapanga vipi?

Pana kimya ambacho mwandishi hana budi kukijaza, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini. Mabishano mengi ya mafundi juu ya jambo hili huendeshwa kana kwamba vifaa havina hesabu, kila upande ukichora mchoro wake ulio kamili. Katika mchoro kamili Mtunza Hazina ana haki: swichi mbili za hifadhi, swichi mbili za mtandao, na hakuna lililosumbua jingine. Lakini swichi zikiwa mbili tu, kutenganisha maana yake ni moja ya hifadhi na moja ya mtandao, na hapo kila mzigo umebaki na njia moja tu isiyo na msaidizi. Swichi ya hifadhi ikifa, diski zote zimetoweka. Swichi ya mtandao ikifa, diski zipo na hakuna awezaye kuzifikia. Kifo cha kifaa chochote kati ya viwili chatosha kumnyima Daktari picha yake. Tukiunganisha, kila swichi ikabeba mizigo yote miwili na kila seva ikawa na uzi mmoja kwa kila swichi, basi kifo cha moja huacha nusu ya upana, na picha huonekana.

FUNDI: Ndivyo hasa. Tazameni jinsi watu wa hapa wanavyosafiri. Aendaye Bukavu ana barabara, na ana mtumbwi ziwani kutoka Kabamba. Barabara hubeba watu na maharagwe, na ziwa hubeba watu na maharagwe. Lau ingetangazwa kwamba barabara ni ya watu tu na ziwa ni la maharagwe tu, siku barabara imefungwa hakuna mtu angefika sokoni.

MTUNZA HAZINA: Umesema vyema, na mimi naikubali sehemu hiyo ya hoja. Yamebaki mawili, nayo siyaachi. La kwanza ni saa 9 zangu.

FUNDI: Nyuzi zetu zitakuwa za gigabiti 10, Mzee, terabaiti zako 4 zingepita katika dakika 53, kama diski zenyewe zingeweza kwenda mbio hizo, nazo haziwezi kwa sababu zile zinazozunguka huchoka mapema. Kwa hiyo msongamano wako utakuwa kwenye diski kabla haujawa kwenye uzi. Fauka ya hayo, Ceph huruhusu kupunguza kasi ya kutengeneza nakala, na swichi huruhusu kumhakikishia kila mmoja fungu lake: mawasiliano ya hospitali yasikose kamwe sehemu tatu kati ya kumi, hifadhi isikose kamwe sehemu sita kati ya kumi, na kinachobaki achukue mwenye haja. Hiyo ni kanuni ya kugawa, haimsimamishi mtu. Na mizigo yetu ni midogo kuliko hofu yetu: mashine ya tetemeko yenye mielekeo mitatu, ikipima mara 100 kwa sekunde, kila kipimo baiti 4, hutoa megabaiti 104 tu kwa siku nzima. Wazito ni picha za wagonjwa na nakala za akiba, na nakala za akiba naweza kuzipangia usiku.

MTUNZA HAZINA: La pili ni mkono wa mwanadamu. Swichi mbili huuawa pamoja na amri moja iliyokosewa. Wauzaji hupenda kuzifunga swichi mbili ziwe kama moja, zenye akili moja, ili fundi aandike amri mara moja tu. Siku programu ya akili hiyo inapougua, njia zako zote mbili zimeugua, na sasa hifadhi imo ndani yake. Zamani, fundi wa mtandao akikosea, hifadhi yangu haikujua hata kama amekosea.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja iliyo nzito kuliko zote zilizotajwa, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Wanaounganisha mitandao husifu uchache wa vifaa, wakasahau kwamba utengano wa zamani ulikuwa na fadhila moja isiyoandikwa katika bei: ulizuia kosa la mtu mmoja lisisambae.

FUNDI: Basi sitazifunga pamoja. Kila swichi itakuwa na akili yake na programu yake, isiyojua habari za mwenziwe. Hifadhi itapewa anwani za namna mbili, kundi moja kwa swichi ya kwanza na kundi la pili kwa swichi ya pili, na seva yenyewe ndiyo itakayochagua njia, ikiona moja imekufa ihamie nyingine. Amri mpya itaandikwa katika swichi moja, na ya pili haitaguswa mpaka kesho yake. Na mlango wangu wa kuingilia kurekebisha utapita katika swichi ya tatu, ndogo na rahisi, isiyobeba mzigo wowote, ili siku zile mbili zinapougua nisifungiwe nje.

MHASIBU: Ya tatu tena?

FUNDI: Ndogo, Mama. Mfano wa ile iliyo ofisini mwako.

MHASIBU: Hiyo naiweza.

DAKTARI: Na radi? Huku kwetu usiku wa mvua watu hung'oa hata redio ukutani.

Swali la Daktari si la pembeni. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha orodha ya mahali panapopigwa sana na radi duniani, iliyotokana na miaka mingi ya kutazama kwa setilaiti, na eneo walilolitaja kwa jina la Kabare lilikuwa la pili, kwa mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, likitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Waya wa shaba utokao jengo moja kwenda jingine huweza kuuleta umeme wa radi mpaka ndani ya swichi, na swichi iliyobeba mizigo yote ikiungua, hasara ni ya mizigo yote. Kwa sababu hiyo, mtandao uliounganishwa hapa Katana sharti utoke nje ya chumba kwa uzi wa kioo pekee, ambao hauchukui umeme, na swichi hizo mbili zisikae katika kabati moja wala kulishwa na betri moja. Fundi na Mtunza Hazina walikubaliana juu ya hilo bila ubishi.

Hukumu yangu, baada ya kuwasikiliza, ni kwamba kwa chumba cha kiasi hiki mizigo iunganishwe, juu ya Etheneti ya kawaida na TCP, bila ile amri ya kusimamisha, na katika swichi mbili zisizojuana. Sitoi hukumu hiyo kwa benki ya Nairobi iliyokwisha kuwekeza katika Faiba Chaneli, na yenye mafundi wake wa hifadhi waliobobea. Kuibomoa njia inayofanya kazi vizuri kwa ajili ya mtindo ni kupoteza mali. Wala mpango wowote wa swichi hausimami badala ya nakala ya akiba iliyowekwa mbali na chumba hicho: kumbukumbu za Lwiro zilizomo katika jengo moja tu zimo hatarini, mtandao uwe mmoja au mitatu.

Kwa yeyote atakayepewa dhamana ya kununua, iwe hospitali, shule au jumba la watafiti, naomba jambo moja. Siku ya kupokea mitambo, kabla hajatia sahihi, ajaze seva kazi ya kweli, picha zikiandikwa na majalada yakifunguliwa, kisha mbele ya muuzaji auzime umeme wa swichi moja kwa mkono wake mwenyewe. Angoje dakika tano, aiwashe, aizime ile ya pili. Kazi ikisimama katika mojawapo, asitie sahihi wala asilipe, mpaka irekebishwe na jaribio lirudiwe.